Ukiteleza Jumamosi, upime lini? Hesabu ya siku kutoka kwa mtu wa labu

Ukinijia Jumatatu asubuhi kwa jambo la Jumamosi usiku, yaani kulala na mtu bila mpira, sitakuuliza kwanza unaumwa wapi. Nitakuuliza ilikuwa saa ngapi. Wengine hukasirika, wanadhani nawapekua. Mimi ni mtu wa labu, kazi yangu ni damu, mkojo na hadubini kwenye kliniki ndogo ya Eastlands, Nairobi, na kila wiki naona watu wakilipia kipimo kizuri siku ambayo hakiwezi kuona kitu. Wanapewa karatasi imeandikwa hasi, wanaikunja vizuri kwenye pochi, wanaenda kumwonyesha mtu. Karatasi hiyo haina maana yoyote.

Kila ugonjwa wa zinaa una kipindi chake cha kuatamia, yaani siku zinazopita tangu mdudu aingie mwilini hadi dalili zitokee. Halafu kuna hesabu nyingine kando yake, ambayo watu wengi hawaijui: siku zinazopita hadi kipimo kiweze kumwona huyo mdudu. Hesabu hizi mbili hazitembei pamoja. Unaweza kuwa na dalili na kipimo kikasema hasi. Unaweza kukosa dalili kabisa, kipimo kikakushtua. Nitakueleza jinsi ya kuzihesabu zote mbili.

Kwanza, zile saa 72

Saa naiulizia kwa sababu ya HIV. Kuna dawa za kuzuia, zinaitwa PEP, na lazima zianzwe kabla saa 72 hazijaisha. Ukizianza mapema zaidi ndivyo bora, kwa hiyo Jumapili ni afadhali kuliko Jumatatu. Zinamezwa kila siku kwa siku 28. Hospitali za umma hutoa, na ukifika Mama Lucy, Mbagathi au Kenyatta usiku, ingia kitengo cha dharura na useme waziwazi, "Nimekuja kwa PEP." Usiseme una homa au tumbo linakusokota, utakaa foleni ya homa mpaka kuche. Watakupima HIV papo hapo. Hawakushuku, ila mtu ambaye tayari ana virusi anahitaji matibabu kamili, PEP haimtoshi.

Kinachonitoa roho ni P2. Kemisti wa mtaani anakuuzia P2 kabla hujamaliza sentensi, na mtu anarudi nyumbani ametulia kabisa kana kwamba amefuta usiku wote. P2 inazuia mimba, basi. Kisonono hakiijui, kaswende haiijui, na HIV ndiyo kabisa.

Kama ulilazimishwa, usioge, usifue nguo ulizokuwa nazo, zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo hospitalini. Namba 1195 hupigwa bure usiku na mchana. Kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia katika Nairobi Women's Hospital kimekuwa kikitibu watu bila malipo tangu 2001. Matibabu ndiyo yatangulie, mambo ya polisi yatafuata.

Andika tarehe

Chukua simu, fungua kalenda, weka alama siku ya tukio. Hiyo ndiyo siku sifuri. Kama unaogopa mtu atashika simu yako, andika "tokeni za stima", hakuna atakayefungua. Kama mlikutana mara nyingi, hesabu ya kujisafisha inaanzia siku ya mwisho, si ya kwanza. Watu hupenda kuhesabu kutoka mara ya kwanza kwa sababu inawafikisha haraka wanakotaka kufika.

Halafu acha dawa. Usimeze antibayotiki yoyote "ya kujikinga" kabla ya kupimwa. Ukija kwangu umeshameza doksi nusu karatasi, mdudu amezimia lakini hajafa, na mimi naangalia hadubini naona usaha mtupu. Utaenda nyumbani bila jibu.

Kisonono, mgeni asiyechelewa

Huyu ndiye wa haraka. Kwa mwanamume, dalili huonekana siku ya pili hadi ya saba, mara chache zikifika wiki mbili. Mkojo unachoma, usaha wa rangi ya manjano unachafua nguo ya ndani. Jambo la Jumamosi huleta foleni ya Jumatano na Alhamisi, na wala hatuhitaji kutangaziwa.

Kwa mwanamume mwenye usaha, nina jibu kabla hajamaliza kikombe cha chai. Napaka usaha kwenye kioo, naukausha, naupitisha juu ya moto mara mbili tatu ushike. Kisha rangi ya zambarau, iodini, naosha kwa spiriti, namalizia na rangi nyekundu. Tone la mafuta juu ya kioo, lenzi ya 100. Ndani ya seli nyeupe za damu wamo: vijidudu vya rangi ya waridi, wawiliwawili, kama maharagwe yaliyotazamana tumbo kwa tumbo. Nikiwaona hao kwa mwanamume mwenye dalili, sina wasiwasi tena.

Kwa mwanamke njia hiyo hiyo hukosa karibu nusu ya maambukizi, na karibu nusu ya wanawake wenye kisonono hawana dalili yoyote. Kwa hiyo mwanamke akiambiwa "kioo ni safi", aulize kama kuna kipimo cha vinasaba, kile kinachotafuta chembe za mdudu mwenyewe. Kliniki nyingi ndogo hazina mashine hiyo, zinatuma sampuli kwa labu kubwa za mjini. Inagharimu zaidi. Kama mfuko hauruhusu na una dalili, daktari atakutibu kwa kufuata dalili, ndivyo vituo vingi vya Kenya vinavyofanya, na si vibaya. Ubaya wake ni kwamba asiye na dalili hatibiwi, na hao ndio wengi.

Siku ya kupima kwa kipimo cha vinasaba: subiri wiki mbili zitimie, isipokuwa una dalili. Mwenye dalili haji kesho, anakuja leo.

Kuhusu mkojo, tafadhali. Usije umekunywa maji lita mbili ili kibofu kijae. Kaa angalau saa moja bila kukojoa, kisha ukinge yale matone ya kwanza kabisa ndani ya kichupa, si ya katikati. Yale ya kwanza ndiyo yanayosukuma wadudu kutoka kwenye njia. Ukijaza kichupa mpaka juu umenipa maji ya bomba.

Klamidia na trikomona

Klamidia huatamia wiki moja hadi tatu, halafu mara nyingi haisemi kitu. Wanawake wengi walio nayo hawahisi chochote, na wanaume wengi vilevile. Inakaa kimya kwa miezi, huku ikipanda juu kwa mwanamke hadi kwenye mirija, na baadaye anatafuta mtoto hapati, au mimba inatunga nje ya mji wa uzazi. Ndiyo maana kusubiri dalili za klamidia ni kujidanganya. Pima wiki ya pili baada ya siku sifuri, uwe una dalili au huna.

Trikomona huchukua siku tano hadi 28. Kwa mwanamke ni majimaji yenye povu, harufu na muwasho. Kwa mwanamume mara nyingi hakuna dalili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, nitaurudia.

Ukitibiwa klamidia au kisonono, usirudi kupima wiki ijayo kuhakikisha. Mashine inaona mabaki ya wadudu waliokufa na kukuambia bado unao. Ngoja wiki tatu au nne zipite. Na baada ya dozi ya mara moja, kaa siku saba bila kukutana na mtu, hata kama unajisikia mzima siku ya pili. Miezi mitatu baadaye pima tena, kwa sababu wanaorudi kwetu na ugonjwa uleule wengi wao wameambukizwa upya na mtu yuleyule ambaye hakutibiwa.

Kaswende inayojiponya

Hapa nitakaa kidogo. Kaswende huatamia siku 10 hadi 90, kwa kawaida wiki tatu hivi. Inakuja kama kidonda kimoja, kigumu kingo zake, kisichouma. Kisichouma! Mtu anapaka malhamu ya kemisti, na kidonda kinapona ndani ya wiki tatu hadi sita. Malhamu inapewa sifa, jirani anapewa jina lake. Kidonda hicho kingepona hata ungekipaka blubandi. Mdudu ameshaingia damuni.

Kwa mwanamke kidonda kinaweza kuwa ndani, kwenye mlango wa uzazi, asikione kamwe. Wiki kadhaa baadaye unatokea upele, na mahali pa kuangalia ni viganja vya mikono na nyayo za miguu. Upele wa viganjani usiowasha usiuite mzio wa sabuni kabla hujapimwa.

Kosa la hesabu hapa ni hili: siku kidonda kinapotokea, damu inaweza bado kusema hasi. Kipimo cha damu hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza, na mwili unahitaji muda kuwatengeneza. Kwa hiyo ukiwa na kidonda, mwonyeshe daktari kidonda chenyewe. Usimletee karatasi ya damu peke yake. Kama huna kidonda, pima damu wiki ya sita, halafu funga hesabu siku ya 90.

Mzee mmoja alinijia na hasira, kipimo cha haraka kilikuwa kimemwonyesha kaswende na yeye alitibiwa zamani akapona. "Binti yangu, mnataka kunichoma sindano mara ngapi?" Alikuwa na haki. Kile kipimo cha haraka kikishasema chanya, kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Kipimo kinachoonyesha kama ugonjwa uko hai ni VDRL au ndugu yake RPR, ambacho hutoa namba, na namba hiyo hushuka ukitibiwa. Weka karatasi zako za zamani. Zinakuokolea sindano, na sindano ya penisilini ya kaswende, yuniti milioni 2.4 kwenye misuli ya matako, si ya kuchomwa kwa mazoea.

Mama mjamzito asisubiri hesabu yoyote kati ya hizi. Kliniki ya wajawazito hupima HIV na kaswende kwa tone moja la damu siku ya kwanza, na kaswende ikitibiwa mapema mtoto anaokoka.

Vidonda vingine kwa ufupi

Malengelenge ya sehemu za siri huja siku mbili hadi 12 baadaye, vijipele vyenye maji vinavyouma sana vinapopasuka. Lakini kuna watu ambao virusi vinakaa ndani kimya miaka kabla vijipele vya kwanza havijatokea. Sunzua, yaani vinyama vya sehemu za siri, huchukua wiki kadhaa hadi miezi mingi. Kwa virusi vya HPV vinavyoleta sunzua afadhali chanjo, na Kenya imekuwa ikiwachanja wasichana wa miaka kumi tangu 2019. Homa ya ini aina ya B huatamia mwezi mmoja hadi sita, nayo pia ina chanjo.

Pangusa, siku nne hadi kumi, vidonda laini vinavyouma, siku hizi nadra sana. Miaka ya 1980 kliniki ya magonjwa ya zinaa ya Casino, kule River Road, ilikuwa ikipokea watu wengi wenye pangusa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Manitoba, Canada, walionyesha hapo jinsi vidonda vinavyoifungulia HIV mlango. Walichokigundua mtaa ule kilisomwa dunia nzima. Ndiyo sababu hadi leo mtu mwenye kidonda chochote sehemu za siri tunamwomba apime HIV pia, na haimaanishi tumemhukumu.

HIV na homa ya wiki ya tatu

Baada ya wiki mbili hadi nne, watu wengi walioambukizwa hupata homa, koo kuuma, tezi za shingo, pengine upele. Nairobi hii nani hana homa? Wananunua panadol na dawa ya malaria, inapita. Wengine hawapati hata hiyo homa. Usitafute HIV kwa dalili.

Kipimo cha kidole cha kawaida, na kile cha kujipima cha kupangusa ufizi ambacho Kenya imekuwa nacho tangu 2017, vinahitaji hadi siku 90 kukupa jibu la kufungia kazi. Kipimo cha labu cha damu ya mshipa, kinachotafuta askari pamoja na kipande cha kirusi chenyewe, kinafika mapema zaidi: siku ya 45. Uliza kabla hujalipa, "Hiki ni cha aina gani?" Tuna wajibu wa kukujibu.

Kijana mmoja aliniambia, "Daktari, siku ya tano leo, na niko negativu." Nikamwambia, "Kijana wangu, hiyo ni negativu ya maisha yako kabla ya Jumamosi." Kipimo cha siku ya tano kinafaa jambo moja tu, kujua ulikuwa wapi kabla. Na katika hizo wiki za mwanzo, wakati kipimo bado hakioni kitu, virusi huwa vingi mno damuni na mtu huambukiza kwa urahisi kuliko baadaye. Mpira mpaka siku ya 90, hata kwa mke wako. Najua ni maelezo magumu kutoa chumbani. Kama unameza PEP, usijitangazie majibu katikati ya dawa. Fuata tarehe ulizopewa, ya mwisho ikiwa ile ya miezi mitatu.

Kwa hiyo kalenda yako ina alama tatu: wiki ya pili kwa kisonono, klamidia na trikomona, siku ya 45, yaani wiki ya sita ikishapita, kwa kaswende na HIV ya labu, siku ya 90 kufunga vyote viwili. Ukiweza kwenda mara moja tu, nenda siku ya 90 na upime vyote, mradi huna dalili na hulali na mtu bila mpira kabla ya hapo.

Nani alimwambukiza nani

Wanandoa huja na simu mkononi, kalenda imefunguliwa. Mume anasema, "Nilikuwa Mombasa mwezi mzima, nimerudi wiki mbili. Yeye ana trikomona. Si hesabu inaonyesha?" Wananitazama mimi kama karani wa mahakama.

Hesabu haionyeshi. Trikomona inaweza kukaa kwa mwanamke au mwanamume miezi, hata zaidi ya mwaka, bila kujitangaza. Klamidia hali kadhalika. Malengelenge ya kwanza kuonekana mwaka huu yanaweza kuwa ya mpenzi wa kabla ya harusi. Kipindi cha kuatamia kinasaidia pale tu tunapojua siku moja na mtu mmoja, na dalili zikaja upesi, kama kisonono cha mwanamume. Hata hapo, kinamwambia yeye kuhusu yeye. Hakimwambii kama mkewe alikuwa na mtu mwingine.

Nimeona ndoa ikivunjika kwenye benchi letu la kusubiri kwa sababu ya siku 28 za mtandaoni. Sisemi watu ni malaika. Nasema mkitaka kujua nani alitoka nje, ulizaneni, msimtume mdudu kutoa ushahidi. Mkifika kwangu, wote wawili mtatibiwa siku moja, hata ambaye karatasi yake ni safi.

Doksi ya kemisti

Kuna wanaosikia kwamba huko nje watu humeza doksi baada ya tendo kujikinga. Wanaenda kununua. Jaribio la njia hiyo lilifanywa Kisumu kwa wanawake 449, matokeo yakatoka 2023, na halikuonyesha kwamba wanawake hao walikingwa. Vipimo vya nywele vilionyesha kwamba wengi hawakuwa wakimeza dawa ipasavyo. Na sipro, ambayo baadhi ya kemisti bado wanaitoa kwa kisonono, kisonono cha siku hizi kimeizoea. Ukipewa sipro kwa usaha, rudi uulize.

Kumwambia mwenzako

Kama umepatikana na kisonono au klamidia, tafuta wote uliokuwa nao miezi miwili iliyopita. Kwa kaswende ya kidonda, miezi mitatu na nyongeza ya siku zote ambazo kidonda kimekuwepo. Ujumbe usiwe mrefu, na usianze na lawama wala maombi ya msamaha. Huu unatosha: "Habari yako. Nimepimwa nikapatikana na klamidia. Ina dawa na inapona. Nenda upimwe hata kama hujisikii vibaya, na tusikutane mpaka wote tumalize dawa." Ukishindwa kuutuma, mwambie mhudumu wa kliniki na umpe namba. Atampigia huyo mtu bila kutaja jina lako.